Kigingi cha Kumi na Nne

Vigingi viko arubaini na moja, toka gatini hadi mnara wa taa,
vyuma vya rangi ya machungwa, kimoja kila mita hamsini.
Kila mwezi navizungukia, daftari kwapani,
nalaza utepe toka kigingi hadi ukingo wa genge,
nasoma, naandika, naukunja, nasonga.
Hapa visiwani Madeleine wameshanibatiza:
mtoto wa fito.

Kisiwa ni chembamba. Ghuba upande huu, wangwa upande ule,
katikati barabara moja, na nyumba zilizopakwa rangi za peremende.
Genge ni jekundu, mchanga uliotaka kuwa jiwe
ukaghairi.
Zamani, wanasema, barafu ilifika Desemba
ikaifumba bahari mdomo mpaka Aprili.
Mwaka huu Januari ilipita maji yako wazi,
mawimbi yakala usiku kucha.

Kigingi cha tisa: mita tatu na robo zimekwenda.
Cha kumi na moja: hakuna kigingi,
wala pa kukisimamisha.
Cha kumi na nne: mita kumi na mbili.
Mwezi uliopita, kumi na mbili.
Mwaka juzi, kumi na mbili.

Hicho kiko nyuma ya nyumba ya Edmée Turbide,
kando ya kamba yake ya kuanikia nguo.
Ukumbini, Profesa Ghislain alituonyesha mchoro:
mstari mzima unateremka, nukta moja imegoma.
"Labda chini pana mwamba mgumu," akasema,
nami nikaitikia kwa kichwa.
Edmée, safu ya nyuma, alikuwa akimenya chungwa
kwa utulivu wa mtu asiyehusika.

Machi, kifaa cha setilaiti kikarudi toka kwa fundi.
Kigingi hakina miguu,
lakini kilikuwa kimetembea mita saba na nusu
kuelekea mlango wa jikoni.

Nikabisha. Hakukana.
"Kila baada ya tufani nakihamisha,
kwa mtarimbo wa marehemu na birika la maji ya moto.
Mkiona kumi na mbili, mnanipita.
Mkiona chache, mnaniletea karatasi nitie saini."

Kisha akanivuta hadi kwenye mwimo wa mlango.
Kushoto, alama za penseli zinapanda:
Rosaire, miaka minne. Rosaire, saba. Clarisse.
Rosaire tena, sasa amempita mama yake.
Kulia, alama zinashuka,
kila moja ina tarehe, saa, na upepo ulikotoka,
unyayo kwa unyayo, tangu mwaka aliofiwa.
Nililinganisha na daftari langu, nikaona haya.
Sisi tulipima kila mwezi.
Yeye alipima kila hasara.

Haba na haba hujaza kibaba;
sikuwahi kuuliza
kibaba cha nani.

Tulikirudisha pamoja pale kilipopigwa mwanzo,
mimi na nyundo, yeye ameshika chuma kwa glavu za kuokea mikate.
Mita nne na nusu.
Ndipo nilipoitazama ile kamba ya nguo:
nayo ilikuwa imefupishwa, nguzo ya mbali imesogezwa,
shuka tatu mahali pa sita,
nyingine zinangoja zamu ndani ya beseni.
"Nikikiacha, kitakaa?" akauliza.
Nilikuwa na jibu lenye asilimia ndani yake.
Sikulitoa.

Mei. Wavuvi wa kambakochi wameshatega,
ukumbini kuna orodha ya nyumba zitakazovutwa barani,
na yake ni ya pili. Alipinga kwa mkono ulionyooka.
Nikaenda na utepe wangu.
Cha kumi na nne kiko palepale.
Mita nne na robo.
Kwenye kofia ya chuma, kwa penseli, maandishi madogo:
tarehe, saa, upepo wa kusini-magharibi.

Nikanakili yote. Nikainua macho dirishani.
Pazia likafungwa.