Kidole cha Pete

Mara ya kwanza ilikuwa benki ya Ruwi,
foleni ya pensheni, kiyoyozi kikivuma juu ya vichwa.
Nje lami ilikuwa inalainika.
Mama akanyoosha mkono atie saini,
na vidole vitatu vilikuwa na weupe wa chokaa,
damu imegota kwenye kifundo ikasema sipiti.
Karani akadhani ni unga.

Kisha vikawa buluu ya wino,
kisha vyekundu, vikimchoma.
"Baridi," akasema. Tukamcheka.
Baridi gani, Maskati, mwezi wa sita?

Akajifunza kuficha.
Friji ya nyumbani aliifungua kwa upindo wa kanga.
Sokoni, kwenye majokofu ya samaki,
alinituma mimi.

Daktari Leelamma alizungumza Kiarabu cha hospitali,
kilichopigwa pasi, kisicho na kabila.
Akaigeuza mikono ya mama, akaona hina ya Idi.
"Mrudi ikishafutika. Rangi inaziba dirisha."

Wiki tatu baadaye: tone la mafuta
pale ngozi inapoishia na ukucha kuanzia.
Kidole cha pete, mkono wa kushoto.
Hapo ngozi ni nyembamba, alisema,
damu haina pa kujificha.

Mashine ikatupa picha ukutani.
Vishipa vya mwenye afya husimama safu,
kama pini za nywele kwenye kadi ya duka.
Vya mama vilikuwa vimefura, vimepinda shingo,
halafu pengo,
halafu kimoja peke yake,
halafu nukta ya damu iliyovuja,
halafu uwanja mtupu, mtaa uliohamwa.
"Kama meno yangu," mama akasema.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri.
Vishipa vimevimba, nikamwambia, vingine vimekufa.
Utapewa kidonge cha kuvilegeza.
Kitakuvimbisha miguu, kichwa kitagonga siku za mwanzo.
Soksi. Glavu. Usishike barafu.
Tutachungulia tena baada ya miezi sita.

Daktari alikuwa amesema zaidi.

Mama kazaliwa Bujumbura,
Kiarabu chake ni cha kununulia vitunguu.
Akanigeukia: "Umeacha neno."
"Neno gani?"
"Ria. Kila Idi namwambia mchinjaji aniwekee.
Ria ni pupu.
Mapupu yangu yana nini?"

Nikasema hayajapimwa. Nikasema
ugonjwa huu wakati mwingine huanzia vidoleni
ukatafuta njia ya kuingia ndani.
Nikasema sikutaka uusikie leo.

"Leo ndiyo nimekuja," akasema.
"Sema yote. Mwenye mwili ni mimi."

Tukateremka ghorofa ya chini.
Akapuliza kwenye mrija wa karatasi mara tatu,
vijana wawili wakimhimiza, zidi, zidi, zidi,
kama wanaosukuma gari lililokwama mchangani.
Akatoka na machozi, anacheka,
anauliza kama ameshinda.

Majibu yalikuja Alhamisi.
Siyaandiki hapa. Ni yake;
akitaka kuwaambia, atawaambia.

Lakini harusi ya Ruqayya, huko Sib, niliiona.
Mpaka hina alipofika kwake mama akatoa mikono
kisha akavikunja vidole viwili, vya pete,
vikabaki vitupu katikati ya maua.
Mashangazi wakamuuliza, umesahau?
"Hayo madirisha," akasema. "Daktari bado anachungulia."

Usiku ule, ukumbini, glavu za sufi mkononi,
akamwita mhudumu, akamnong'oneza.
Kiyoyozi kikazimwa.
Wanawake mia mbili wakaanza kujipepea kwa kadi za mwaliko,
na hakuna aliyeuliza baridi gani.
Bibi harusi alilalamika kidogo
kwamba wanja unamtiririka.