Sarafu Kando ya Ufa

Ufa niliuona mimi wa kwanza,
saa kumi na mbili asubuhi, Mikanjuni,
kabla fundi Kaniki hajafika na chepe lake,
kabla mwenyekiti wa mtaa hajapita kufuata vitumbua.
Mstari mwembamba, kama unywele wa mtoto,
umetambaa juu ya zege la mtaro wangu
hatua nane, ukapinda, ukaendelea.

Mtaro wangu. Nasema hivyo kwa kuwa ubao unasema:
MSIMAMIZI WA MRADI: BI. MWANAMKUU SHEKIONDO,
herufi nyeupe, na namba yangu ya simu
ambayo watoto wa Mikanjuni wameikariri.

Nikasogeza mguu, nikaukanyaga.
Wapita njia wakaniuliza, "Kazi inaendaje?"
"Inaenda," nikajibu, sijainua kiatu.
Mficha uchi hazai, najua,
lakini aliyesema hivyo
hakuwa na ripoti ya robo mwaka siku ya Ijumaa.

Usiku, Chumbageni, umeme umekatika,
nikafungua lile kundi letu kwenye simu.
Wasimamizi wa miradi, mia mbili na kumi na mmoja,
sura zao nazijua kwa duara dogo tu:
huyu kavaa suti ya harusi,
yule ni picha ya tingatinga, mwingine ni ua.
Wiki nzima walikuwa wakituma utepe unaokatwa,
mgeni rasmi, mkasi kwenye sinia,
mikono ya njano ikipiga makofi.
Nani atapeleka ufa katikati ya keki?

Nikaandika, nikafuta.
Nikaandika, "Kuna rafiki yangu ana tatizo."
Nikafuta.
Bando lilikuwa linakwisha. Nadhani bando ndilo lililonisukuma.
Nikatuma picha, bila hata salamu.

Wakaona kumi. Wakaona arobaini.
Kimya.
Kisha yule wa tingatinga, kutoka Sumbawanga:
"Dada, weka sarafu kando ya ufa, upige tena.
Ufa hauna ukubwa mpaka uwe na jirani."

Alfajiri nikaweka shilingi mia.
Wakaanza: zege mlimwaga saa ngapi?
Saa sita mchana.
Mlifunika?
Hapo nikakawia kujibu.

Mmoja akaja na maneno marefu: bomoa yote, anza upya.
Hakuwa ameuliza swali hata moja,
na hakuna aliyemjibu.
Wa Chake Chake akaandika, "Hata mimi. Sakafu ya ukumbi mzima,"
akaweka picha aliyoificha miezi kumi na minne.
Wa Njombe akatuma jedwali lake la kazi,
lile la kweli, si lile la mfadhili,
lenye mistari myekundu: siku zilizopotea,
mifuko ya saruji iliyotoka getini usiku.
Nilikaa na mistari ile hadi chai ikapoa.
Nimehudhuria semina tatu za hotelini,
nina kalamu zao bado. Hakuna aliyenionyesha nyekundu.

Nikamfuata Kaniki. "Magunia," nikamwambia,
"ya mkonge, yaloweshwe, yalale juu ya zege siku saba."
Akanitazama, akajifuta jasho na kiganja.
"Bosi, si ndiyo niliyokuambia Jumanne?"

Kweli aliniambia.
Nilikuwa nimevaa kofia yangu nyeupe, nahesabu matofali.
Hilo nalo nikaliandika kundini, kama lilivyo,
na jina la Kaniki juu yake.
Tingatinga akacheka kwa herufi nne.

Ufa ulizibwa. Unaonekana bado, ukiinama.

Jana, saa sita na robo usiku, simu ikang'aa.
Mgeni, kutoka Lindi, duara lake halina picha:
ukuta, ufa, tochi imetetemeka.
"Samahanini wakubwa. Kuna rafiki yangu ana tatizo."

Nikaketi kitandani, nikavaa miwani.
"Mwambie rafiki yako," nikaandika,
"aweke sarafu kando ya ufa.
Na kesho, kabla hajatuuliza sisi,
amuulize fundi wake."