Maili Thelathini

Jumamosi, saa tatu. Mvua ya Todmorden bado haijaamua.
Mimi na Bi Glenys, vizibao vya njano,
tumesimama kando ya duka la samaki wa kukaanga
na kimashine chetu cha kupimia mwendo.

Wakituona, wanakuwa watu wema.
Magari yanapiga magoti,
mikono inapungwa,
hata dereva wa lori la maziwa anatabasamu
kama mtoto aliyefumwa na sukari mdomoni.
Halafu kona.
Nyuma ya kona
injini zinatusengenya.

"Thelathini ni ya wageni," aliniambia Gledhill, fundi bomba.
"Mimi barabara hii naijua."
Naijua.
Paka wa Bi Glenys naye aliijua,
miaka kumi na mmoja akiivuka kwenda kuota jua
ukutani kwa kina Gledhill.

Saa nne nakabidhi kimashine.
Zamu yangu iko Halifax, wodi ya mifupa,
na nimeshachelewa.
Navua kizibao, nakikunja, nakilaza kiti cha nyuma,
napita kona ile ile.

Arobaini na nne.

Hapakuwa na mtu pale.
Nilitazama kwanza.