Mabano

Miaka kumi na mmoja niliishi gizani kwa mshahara,
kalamu mkononi, tochi ndogo mdomoni,
nikihesabu sekunde za machozi ya watu wa kwenye filamu.
Chozi la kitunguu huanguka haraka mno.
La kweli husitasita ukingoni,
kama mgeni asiyejua avue viatu au aingie navyo.
Niliyaandika hayo kila Ijumaa, ukurasa wa kumi na nne,
chini ya matangazo ya mbolea na misiba.
Waigizaji wa Majengo walinichukia, na walikuwa na haki.
Mmoja, Kisali, alinikuta Kiboriloni nikinywa mtori,
akauliza, na huo nao unaupa nyota ngapi?
Mbili na nusu, nikasema. Chumvi ilizidi.

Kisha gazeti likaanza kutulipa ahadi,
nikawaza: kama ni ahadi, si nikaziandike mwenyewe?
Ndetaramo, meneja wa kampeni, akanipigia.
"Wewe unajua watu hulia wapi."
Hakuuliza kama najua kwa nini.

Mgombea wetu ana sauti nzuri na mikono mibaya,
inapepea kama nguo kambani.
Nikaipa kazi: mmoja kipaza sauti, mmoja karatasi.
Nikafuta "ndugu zangu" saba,
nikabakiza mmoja, karibu na mwisho, panapouma.
Halafu nikamtungia mama.
(Kila filamu mbovu ina mama na mgonjwa; niliwahi kuandika hivyo, kwa dharau.)
Wangu nikampa mtoto mgongoni, homa, usiku,
daraja lililobebwa na maji,
na zahanati ng'ambo, taa yake inaonekana.
Taa ndiyo inayoliza. Bila taa ni takwimu.
Baada ya taa nikaandika, kwa mabano:
(nyamaza kidogo)

Jumamosi, viwanja vya Pasua. Vumbi.
Mlima haukutokea; haukualikwa.
Akafika kwenye taa. Sauti ikashuka pale nilipotaka ishuke.
Halafu, kwa utiifu wa mtoto aliyechapwa shuleni
mpaka akajua kusoma kila kilichoandikwa,
akasoma na mabano:
"Nyamaza kidogo."

Nilifumba macho. Nikangoja kile kicheko
cha ukumbini mkanda unapokatika.
Hakikuja.
Muuza karanga aliziba kopo lake kwa kiganja.
Mtoto akapewa ziwa.
Watu elfu mbili waliambiwa wanyamaze, wakanyamaza,
kidogo,
kipimo kilekile nilichokiandika.
Sijawahi kuona tukio lililochezwa vizuri vile,
na waliolicheza hawakuwa jukwaani.

Nyuma, kati ya jenereta na gari la vipaza sauti,
mwanamke mmoja akanishika kiwiko.
"Wewe ndiwe mwenye karatasi?"
Nikakubali.
"Daraja halikubebwa na maji," akasema. "Lilikuwa zima.
Mlinzi alifunga geti, akaenda kunywa mbege.
Taa haikuwepo. Ila mgongo, ndiyo.
Mgongo ulikuwa hivyohivyo."
Hakukasirika. Alikuwa anasahihisha tu,
kama nilivyosahihisha wengine miaka yote ile.
Nikatoa kalamu: geti. mbege. hakuna taa.
Akanitajia na jina la mtoto, bila kuulizwa.
Hilo sikuliandika.

Ndetaramo akaita toka garini: kesho Himo.
"Na yale mabano yaache. Yanafanya kazi."

Sasa ni saa nane usiku.
Nimeifuta taa, nimeirudisha, nimeifuta.
Yule mlinzi hafai, Himo watacheka,
watamjua, ni shemeji wa mtu.
Umeme umekatika tangu saa tano.
Naandika na ile tochi mdomoni.