Mita Mia Tatu

Jumamosi, saa nne, barazani kwa Fundi Sefania,
Mtaa wa Rengua, ubavuni mwa duka la vitenge:
watu wanne, viti vitatu,
simu moja inazunguka kama kata ya mbege.

Kwenye simu kuna saa.
Imetoka wiki hii, imetoka ndani ya filamu:
jasusi anazama nayo baharini,
anapambana na papa, na bomu, na mwanamke,
anaibuka nywele zimechanwa.
Saa haina hata mkwaruzo.

"Mita mia tatu," anasoma Elinami wa benki
kwa sauti ya mtu anayesoma Zaburi.
"Ina tundu la kutolea hewa, hapo kwenye kumi."
Bei anaisoma kimya, midomo tu.
"Itamke," anasema Mwalimu Kiwelu, "Mungu naye asikie."
Milioni ishirini na nane.
Kwa hizo, kule Rau, unapata kiwanja,
na tofali za msingi,
na fundi wa kukuibia saruji.

"Mwili wake titani," anasema Shiraz,
"hutaisikia mkononi."
"Nilipe yote hayo, halafu nisiisikie?"

Kiwelu ndiye mkali kuliko wote.
"Tazameni hiyo rangi ya namba,
njano ya meno ya mvuta tumbaku!
Wameizeesha kiwandani.
Mimi uzee wangu nimeutafuta miaka hamsini na nane,
wao wanauuza ukiwa mpya, ndani ya boksi."
Elinami anasema ndio uzuri wenyewe.
Shiraz anasema kilichomuudhi ni mkanda,
kitambaa, kama wa begi la shule.

Mimi nashika kibano, nasikiliza.
Kuzama, sawa. Wapi?
Karanga wakati wa kiangazi unavukwa na kandambili.
Chala lina kina, nakubali,
lakini nani kati ya hawa
amelitia mguu kupita kifundo?

Anaeli hajasema kitu.
Jana ameshuka na wageni, midomo imepasuka kwa baridi,
amesimama, kiti amewaachia wenye kiu ya kuongea.
"Inawaka gizani?" anauliza.
Wanageuka.
"Kambi ya Barafu, saa sita usiku.
Tochi imekufa, vidole huvijui viko wapi,
watu kumi na mmoja wanangoja useme twende.
Hapo saa ni kile kinachowaka.
Mengine ni maneno."
Elinami anatafuta, anamwonyesha picha:
duara la buluu katikati ya weusi,
kama kimulimuli aliyefundishwa hesabu.
"Basi ni saa," anasema Anaeli,
anaondoka kwenda kulala.

Wakatawanyika. Kiwelu akabaki,
akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni.
Kisha, kutoka kwenye leso,
akaitoa ileile.
Njano ileile, mkanda uleule, tundu lilelile
lililochorwa tu.
Kiborloni, elfu thelathini na tano.
"Ni ya kijana wangu," akasema.
Ana mabinti wanne.

Fundi hakucheka.
Akachukua glasi ya chai, akaisuuza,
akaijaza maji, akaidumbukiza saa,
akafunika kwa kisahani.
"Njoo Jumatatu."

Jumatatu Kiwelu alifika kabla hatujafungua,
chaki kwenye vidole.
Kisahani kiliondolewa.
Chini ya kioo ukungu ulikuwa umetanda
kama mlima mwezi wa Aprili,
unajua upo, huuoni.
Tukainama wote watatu juu ya glasi.
Mahali fulani mle ndani, kwenye weupe ule,
mshale mwembamba ulikuwa ukitembea.

"Inaenda," Kiwelu akanong'ona.
"Inaenda," akajibu Fundi. "Ila usiogee nayo."

Akaivaa ingali inadondosha maji,
akashusha mkono wa shati mpaka kiganjani.
Alipofika pale penye duka la vitenge
nikamwona anasimama,
anaupandisha tena.