Kabla Sijakata

Chumba changu kipo Cheyo, nyuma ya mashine ya kusaga.
Mchana mahindi yananguruma ukutani;
usiku nabaki mimi, kompyuta ya mkopo,
na laini ya kilomita mia nne, Tabora hadi Kigoma,
nguzo ambazo hakuna aliyezisimika
ila mimi, kwenye kioo.

Kila usiku naivunja.
Naangusha mninga juu ya waya, kilomita ya themanini.
Napiga radi Kaliua.
Uvinza namtuma tumbili apande nguzo, maskini,
nimeshamuua mara sitini na tatu.
Kisha napima: mkondo umepanda kwa kasi gani,
na mlinzi wangu, mistari mia mbili ya hesabu,
ameshtuka saa ngapi.

Umeme wa majumbani una adabu yake:
mara mia kwa sekunde hupita sifurini,
hushusha pumzi, na swichi huuvizia hapo hapo,
kama mtu anayechomeka neno
mwenzake akimeza mate.

Huu mnyoofu haumezi mate.
Tenganisha vyuma, utavuka hewani,
tao jeupe, hewa inaungua na mkondo haukatiki.
Sifuri yake uitengeneze mwenyewe,
kwa nguvu uliyoiweka akiba
kabla hujajua utaihitaji lini.

Na muda? Milisekunde tatu.
Kope haijaanza hata kushuka.
Chelewa, na vituo viwili vimeungua.
Wahi bure, na Kitete, wodi ya njiti, giza,
kwa sababu ya radi iliyopiga mbali
ikapita zake.

Dakta Nyamizi amenirudishia ukurasa wa arobaini.
Wino mwekundu, mwandiko wa haraka:
*Mlinzi wako mwoga. Kila kishindo kwake ni msiba.*

Nimeisoma nikiwa nimesimama.
Nimeisoma tena nikiwa nimekaa kitandani, viatu mguuni.

Ruhaga, kaka yangu, yuko Gungu, anauza betri na soketi.
Ilikuwa habari ya rambirambi za mama,
nani katoa nini, nani hakufika.
Akasema, "Wewe na vyeti vyako."
Nikakata simu.
Sikungoja kujua kama ni mti umeanguka
au ni radi ya kupita.
Masika tatu sasa.
Nami ndiye ninayeandika, sura ya pili, kwa herufi nzito,
kwamba kukata ni rahisi, kazi ni kutambua.

Sura ya tano inahusu kurudisha.
Hurudishi mzigo wote kwa pigo moja.
Unaacha hewa ipoe, ijisahau kidogo,
halafu unatuma mpigo mdogo, wa kuonja,
usioweza kumuumiza mtu.
Mwangwi ukirudi upesi, umepinduka,
mti bado umelala palepale.
Ukichelewa, maana yake umefika mwisho wa waya,
umegusa kituo cha pili,
ndipo umegeuka.

Saa nane na nusu nimeandika: *Gungu kumenyesha?*
Nikafuta alama ya kuuliza. Nikairudisha.
Nikatuma.

Alama mbili za kijivu.
Nje mlinzi wa mashine anakohoa, anawasha redio, anaizima.
Saa tisa. Saa tisa na dakika kumi na moja.
Kioo cha simu kinajifunga, nakigusa, kinajifunga.

Kwa hesabu zangu mwangwi ukichelewa ni habari njema.
Lakini hesabu zangu ni za shaba na aluminiamu,
na huyu ni mtoto wa mama
aliyenifundisha kuunga waya mbili kwa meno,
tochi ikiwa kwapani,
akaniambia, shika hapa, usiogope,
nikiachia nitakuambia.