Herufi A

Kompyuta ya baba ilitoka mnadani,
siku ushirika wa kahawa ulipouza vyombo vyake:
viti, mizani, na hii, yenye namba ya rangi nyeupe mgongoni
kama ng'ombe wa serikali.
Kuiwasha ni kazi ya kikombe kizima cha chai.
Feni yake inakoroma kumshinda mgonjwa.

Mgonjwa ni mama. Nyonga.
Aliteleza mferejini alfajiri, akifungulia migomba maji.
Daktari amesema wiki sita,
nami nilipanda kutoka Arusha na nguo za siku tatu.

Kazi nimeiacha Njiro, meza ya kona,
ndani ya mashine mpya ambayo mkopo wake bado naulipa:
ramani ya paa la bweni, mabati mia mbili na kumi.
Fundi anaingoja kesho saa nne.

Basi usiku huu, hapa Mbokomu, kwa bando la simu,
naandika nywila, nasubiri.
Kioo cha baba kinaingia giza, kinasitasita,
halafu, hodi, meza yangu.
Picha ya Aikande hana meno ya mbele.
Mafaili yamekaa vilevile nilivyoyaacha.

Hii ya kizee haifanyi kitu. Paa haijui.
Inashikilia dirisha tu, mimi napitisha mkono,
na kilomita themanini na ushee kule
mshale unatembea mbele ya kiti kitupu.
Navuta mstari. Mstari unakuja baada ya pumzi mbili,
kama maneno ya mtu anayetafsiriwa.

"Unaongea na nani?" Mama, kutoka chumbani.
Siongei. Niko ofisini.
"Ofisi gani?"
Ya nyumbani. Njiro.
Kitanda kikalia; anatafuta ubavu usiouma.
"Kama uko Njiro, beseni ataniletea nani?"

Nikapeleka beseni.

Niliporudi, mshale ulikuwa unatembea peke yake.
Ulikatiza juu ya paa langu bila hata samahani,
ukafungua ukurasa mweupe, ukaandika:
*baba ni wewe au jini*

Saa tano usiku, na kesho shule.

Nilitaka kugomba. Lakini kibodi hii ina ugonjwa wake:
herufi A imefutika, kitufe kimezama.
Baba alichapa kwa kidole kimoja, miaka kumi na minne,
na lugha hii haikufikishi popote usipogonga A:
kahawa, mvua, hasara, salaam.
Ukali wangu ukafika Njiro hivi:
*ni bb. ll.*

*ll ndo nini*

Nikabonyeza kwa gumba, kwa hasira, kitufe kikanasa:
*laaaaaaaaaaaaaaal*

*hahahahaha*, akajibu.
A zake zote nzima.
Kisha, polepole, herufi moja moja:
*bibi anatembea?*

Hapo umeme wa Njiro ukakatika.
Dirisha likajifunga. Paa, picha, ukurasa, vyote.
Mpya imezima; ya mnadani inakoroma tu.

Chini ya dirisha kulikuwa na kioo cha baba mwenyewe,
na saa yake ya pembeni, iliyokufa betri,
ambayo kila ikiwashwa inaamini
leo ni Januari mosi, elfu mbili na nne.
Faili moja: SHAMBA.
Sikuwahi kulifungua.
Mistari mifupi, ya kidole kimoja:
*Kilo 14. Mvua kidogo.*
*Kilo 9. Dawa imeisha.*
*Leo sijashuka shambani.*
Baada ya hapo, weupe.

Nikasikiliza. Mama amelala, au ananyamaza.
Nikashuka mstari mmoja chini ya wake,
nikaanza kuandika, nikigonga kila A
mara mbili, tatu, mpaka ikubali kukaa:

*Mama. Hatua nne, kwa kushika meza.*